Behewa la Tatu Halikai Relini: Gurudumu, Kiungo na Swali la Mzee wa Olbalbal

Tuanze na meza. Ni madawati mawili yaliyosogezwa pamoja katika darasa moja huko Olbalbal, Wilaya ya Ngorongoro, kwenye zile nyanda za chini ambako maji ya korongo la Oldupai huenda kuishia. Juu ya meza kuna reli ndogo iliyofungwa duara, kichwa cha treni chenye ukubwa wa kiatu cha mtoto na mabehewa manne. Umeme unatoka kwenye betri ya sola. Wanafunzi wamejazana mpaka dirishani. Kichwa kinavuta, kinaingia kona, behewa la tatu linaanguka. Tunalirudisha. Kona ileile, behewa lilelile. Mara ya nne, behewa la nne nalo likaamua lake: likafunguka kutoka kwa wenzake na kubaki nyuma, limesimama peke yake kama ndama aliyeachwa na kundi.

Mimi nilikuwa nimeenda kule kwa utafiti mwingine kabisa (udongo, kama unataka kujua). Treni yenyewe niliinunua mtumba, nikadhani itakuwa burudani ya dakika kumi baada ya somo. Ikala siku tatu.

Chanzo cha siku tatu ni mzee mmoja aliyepita kumfuata mjukuu wake. Watoto wakainamisha vichwa awaguse, ndo salamu ya kule, mimi nikampa shikamoo yangu. Akasimama akitazama kile kichwa kinavyozunguka, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, gari naijua, ina usukani. Hiki kinakata kona na sioni usukani. Nani anakigeuza?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua sina jibu. Nina shahada mbili, nimepanda treni mara kadhaa, na sijawahi kujiuliza swali hilo hata siku moja. Nikamwambia mzee, naomba nikupe jibu kesho. Akasema sawa, ila kesho nisije na hadithi.

Basi makala hii ndiyo jibu lile, pamoja na mengine niliyojifunza wakati natafuta kwa nini mabehewa yangu mawili yanatia aibu.

Nani anakata kona?

Ukimuuliza mtu wa kawaida, atakuambia ni ule ukingo. Ukitazama gurudumu la treni utaona upande wa ndani lina mdomo uliotokeza, unaoshuka chini ya usawa wa reli. Kwamba ukingo huo unaegemea reli na kulisukuma gurudumu lifuate njia, inaonekana ni jibu zuri. Lakini ukingo ukiegemea reli, chuma kinasagana na chuma, na zile kelele kali unazozisikia treni ikikata kona ya ghafla ndizo hizo. Kama kazi yote ingefanywa na ukingo, magurudumu na reli vingekwisha haraka sana. Ukingo ni mlinzi wa mwisho. Anayegeuza ni mwingine.

Kwanza angalia tatizo lilivyo. Reli za zamani za Tanzania, ile ya Tanga na ile ya Kati, zina mita 1 kati ya reli na reli. Chukua duara kamili la reli hiyo. Reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani kwa mita 6 na sentimita 28. Na jambo la kufurahisha ni kwamba duara liwe dogo au kubwa, tofauti inabaki ileile, kwa sababu ni pai mara mbili ya upana wa njia. Piga hesabu mwenyewe kama huamini. Sasa magurudumu mawili ya treni yameshikana kwenye ekseli moja, hayazunguki kila moja kivyake kama ya toroli. Moja likizunguka mara mia, lingine nalo mara mia. Inakuwaje basi la nje litembee umbali mrefu zaidi bila kuburuzwa?

Jibu ni kwamba gurudumu la treni si bapa. Sehemu inayokanyaga reli imechongwa mteremko mdogo, kama kipande cha koni: nene upande wa ndani, nyembamba upande wa nje. Mteremko unaotajwa sana vitabuni ni wa 1 kwa 20. Treni ikiingia kona, ekseli nzima inasogea kidogo kuelekea nje. Gurudumu la nje linakanyaga kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Mzunguko ni mmoja lakini miguu imekuwa na ukubwa tofauti, la nje linaenda mbali zaidi, na ekseli inajigeuza yenyewe.

Usinikubali kwa maneno. Tafuta vikombe viwili vya plastiki vya kutumia mara moja. Vibandike mdomo kwa mdomo, upate kitu kilichonenepa katikati. Kiviringishe juu ya fito mbili ulizoziinamisha kidogo. Hata ukikiweka upande, kitayumba, kitajirekebisha na kushuka mpaka mwisho. Kisha vibanduke, uvigeuze uvibandike kitako kwa kitako. Hakifiki mbali, kinaanguka. Olbalbal tulitumia fimbo mbili za wachungaji, na nakuhakikishia hakuna slaidi niliyowahi kuandaa chuo iliyopata umakini ule.

Kule kuyumba kwa kikombe nako kuna historia yake. Treni hufanya vilevile, inaenda kushoto kidogo, kulia kidogo, kama nyoka. Mwaka 1883 mhandisi Mjerumani, Johannes Klingel, aliandika hesabu ya urefu wa wimbi hilo. Kwa reli ya mita 1, gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 40 na mteremko wa 1 kwa 20, nilipata wimbi moja kila mita 13 hivi. Treni ya mwendo wa pole hulisikii. Ukienda kasi, wimbi hilohilo linaweza kukua mpaka kuwa hatari, na ndiyo maana treni ya umeme ya SGR, iliyobuniwa kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa, haiwezi kuchongewa magurudumu kienyeji. Koni ikizidi unapata kona nzuri na mwendo mbaya kwenye njia iliyonyooka. Ikipungua ni kinyume chake. Wahandisi wamekuwa wakivutana na kamba hiyo kwa zaidi ya karne.

Mzee alirudi kesho yake kama alivyoahidi. Akatazama vikombe vinashuka mara tatu, akavichukua, akavishusha mwenyewe. Akasema, "Kwa hiyo anayegeuza ni mguu wenyewe." Ningekuwa nimepata sentensi hiyo mapema, nisingemaliza ukurasa mzima hapo juu.

Nusu milimita

Sasa behewa la tatu. Kona inajigeuza yenyewe, sawa, mbona lenyewe linaanguka?

Treni yangu ni ya kipimo cha 1 kwa 87. Kati ya reli zake kuna milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata 1,435 na kitu, yaani milimita za SGR yetu ya Dar es Salaam mpaka Dodoma. Kumbe watoto wa Olbalbal walikuwa wanatazama SGR bila kujua. Ukitaka kuigiza ile reli ya mita 1 inayofika Arusha kwa kipimo hichohicho, unahitaji njia ya milimita 11.5 hivi, na wenye viwanda vya mifano wanaiuza ya 12.

Nilikuwa na kalipa ya kupimia kwenye begi la kazi. Tukapima nafasi kati ya mgongo wa gurudumu moja na mgongo wa lenzake, ekseli moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na milimita 14.4 au karibu na hapo. Ekseli moja ya behewa la tatu ilikuwa na 13.9. Nusu milimita tu! Lakini izidishe kwa 87: ni zaidi ya sentimita 4 kwenye treni halisi. Ekseli iliyobanwa hivyo inapata nafasi kubwa mno ya kucheza kati ya reli, na ikifika pale vipande viwili vya reli vinapoungana ndani ya kona, ukingo unapata ngazi ya kupandia. Tukalizungusha gurudumu taratibu huku tukilivuta, mpaka kalipa ikasoma sawasawa.

Tatizo hili la "kila mtu na kipimo chake" liliwasumbua sana wapenzi wa treni ndogo huko Marekani. Kila kiwanda kilitengeneza magurudumu yake, na behewa la huyu halikutembea kwenye reli za yule. Mwaka 1935 wakakutana mjini Milwaukee wakaunda chama cha kitaifa, NMRA, ambacho kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kukubaliana vipimo: upana wa njia, nafasi ya magurudumu, umbo la ukingo. Wana hata pendekezo la uzito: kwa kipimo chetu, gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila inchi ya urefu wa behewa. La kwetu lilikuwa na inchi 6, kwa hiyo lilitakiwa kuwa na gramu 112. Mizani yangu ya sampuli ikasema 74. Behewa jepesi katikati ya treni linavutwa na mbele, linavutwa na nyuma, na kwenye kona mvuto huo unalielekeza ndani, kama kamba inayotaka kunyooka. Tukalibandikia nati na washa ndani.

Na bado likaanguka. Mara moja kati ya tano, lakini likaanguka.

Hapo ndo nilipojifunza kuhusu mafiga. Behewa lina bogi mbili, kila moja na ekseli mbili, na kila bogi imefungwa kwa skrubu katikati. Skrubu zote mbili za behewa letu zilikuwa zimekazwa. Meza ya madawati haiko sawa, darasa lenyewe halina sakafu sawa, na behewa lililokazwa mbele na nyuma ni kama meza ya miguu minne kwenye ardhi yenye mabonde: lazima mguu mmoja ubaki hewani. Mafundi wa treni ndogo wanasema legeza skrubu moja kiasi kwamba bogi iweze kuyumba kushoto na kulia, na nyingine iachie kugeuka tu. Bogi moja inakuwa figa mbili, nyingine inakuwa figa moja. Na sufuria juu ya mafiga matatu haiyumbi hata kama umepika porini. Msichana mmoja alinielewa kabla sijamaliza, akachukua bisibisi mkononi mwangu.

Mlima Gelai ulioko Nairobi

Niruhusu nitoke njiani kidogo, maana hii bogi ina ndugu mkubwa ambaye wengi hamumjui.

Ukitoka Olbalbal ukaelekea kaskazini mashariki, ng'ambo ya Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, unakutana na mlima Gelai. Sasa ukienda Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi utakuta Gelai mwingine, wa chuma. Ni kichwa cha mvuke namba 5918, jina lake Mount Gelai, cha daraja la 59 la Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Vilikuwa 34, vilitengenezwa Manchester na kiwanda cha Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kingine kilichobaki ni 5930, Mount Shengena, mlima wa Upare. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 30, na hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu kuliko hivyo kilichowahi kutembea kwenye reli ya mita 1 popote duniani.

Jiulize: kitu cha mita 30 kinapindaje kwenye njia nyembamba, yenye kona, inayopanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi? Ukitengeneza kichwa kirefu cha kawaida, magurudumu ya katikati yatagoma. Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hati ya ubunifu wake mwaka 1907: gawanya injini mbili, kila moja na magurudumu na silinda zake, kisha ning'iniza bwela katikati yao juu ya egemeo mbili. Kila injini inageuka kivyake, bwela linabaki limelala katikati kama mgonjwa kwenye machela, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kwenye kona wabebaji wanageuka kwanza, machela inafuata.

Ndilo behewa letu la tatu, tofauti ni ukubwa tu. Skrubu ya Garratt ikikazwa kupita kiasi, nacho kingeanguka.

Kiungo kilikula vidole

Sasa tufike kwa yule ndama, behewa la nne, lililokuwa linafunguka. Hapa historia inakuwa chungu.

Mwanzoni mabehewa yaliunganishwa kwa minyororo na ndoano. Henry Booth, mmoja wa watu walioendesha reli ya Liverpool na Manchester, alileta kiungo cha skrubu: unaweka pingu kwenye ndoano ya jirani, kisha unazungusha skrubu mpaka mabehewa yabanane, na pembeni kuna vizuizi viwili vya springi vya kupokea msukumo. Ni kizuri kwa abiria kwa sababu hakuna kugongana. Ila lazima mtu aingie katikati ya mabehewa mawili ili akifunge.

Marekani walikuwa na kibaya zaidi. Pingu moja ya chuma na pini. Mfanyakazi anasimama kati ya behewa lililosimama na behewa linalokuja, anaishika pingu kwa mkono ailenge kwenye tundu, na akichelewa kuutoa mkono, basi. Ilifika mahali mtu akiomba kazi reli, vidole vilivyopungua vilikuwa kama cheti cha uzoefu.

Eli Janney hakuwa mhandisi. Alikuwa karani wa duka huko Virginia, na inasimuliwa kwamba alichonga wazo lake kwanza kwenye mbao kwa kisu. Kunja vidole vya mkono wako wa kulia kama unataka kumshika mtu. Kunja vya kushoto vilevile. Sasa vikutanishe vishikane. Ndicho hicho. Hati yake ni ya tarehe 29 Aprili 1873. Behewa linasukumwa, vidole vinajikunja, pini inadondoka yenyewe, kazi imekwisha, na mtu yuko pembeni. Sikiliza hilo vizuri: kifaa kilichobadilisha reli za dunia kilianza kama kidude cha mbao, cha ukubwa wa kuchezea.

Ungedhani kampuni zilikikimbilia. Hapana, gharama! Ilibidi mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, ambaye mwaka 1874 alimwona mshika breki akipoteza vidole viwili vya mwisho vilivyobaki kwenye mkono wake wa kulia, atumie miaka mingi akizunguka, akiandika barua, akiwasumbua watu mikutanoni. Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria tarehe 2 Machi 1893, na ilianza kubana kikamilifu mwaka 1900. Kutoka hati mpaka sheria kuuma ni miaka 27. Kifaa kilikuwepo muda wote huo. Mimi hapa huwa sielewi watu wanaposema sayansi ikishagundua, mengine yatafuata yenyewe.

Wajapani walifanya kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza. Waliandaa kwa miaka, wakaning'iniza viungo vipya chini ya mabehewa yakiwa bado yanatembea na vya zamani, kisha Julai 1925 wakabadilisha nchi karibu nzima kwa mkupuo, kisiwa kikuu cha Honshu kwa siku moja. Ulaya walijaribu kukubaliana katika miaka ya 1970, wakashindwa, na mpaka leo mabehewa mengi ya mizigo kule yanafungwa kwa kiungo cha Booth, na mtu katikati.

Sisi tumejuana na tatizo hili kwa upande wa upana wa njia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza lilijenga reli kutoka Voi kuja kuungana na reli ya Wajerumani ya Usambara karibu na Kahe. Adui kwa adui, lakini wote walijenga mita 1, kwa hiyo njia ziliungana. Ruka mpaka miaka ya 1970: TAZARA, kilomita 1,860, urafiki wa nchi tatu, na upana wa milimita 1,067 ili iendane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67, pungufu kidogo ya vidole vinne vya mtu mzima ukivipanga. Kwa vidole hivyo vinne, mzigo unaotoka reli moja kwenda nyingine ilibidi ujengewe kituo pale Kidatu, kilichofunguliwa 1998, wa kuuhamisha kutoka behewa hili kwenda lile. Na utacheka au utalia: wale Garratt wa daraja la 59 walibuniwa waweze kubadilishwa siku moja watembee kwenye 1,067. Siku hiyo haikufika.

Jiwe chini ya gurudumu

Turudi darasani. Siku ya pili, behewa la nne likafunguka kwenye sehemu tuliyoinua reli kwa vitabu kuigiza mlima. Likarudi nyuma, likashuka kasi, likaanguka chini ya meza. Watoto wakacheka. Kijana mmoja akaokota kokoto akasema tuweke hii nyuma ya gurudumu.

Mimi sikucheka, na nilibidi niwaeleze kwa nini.

Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watu wa matembezi ya shule ya Jumapili, watoto wengi, ilishindwa kumaliza mlima. Wakaamua kuigawa. Wakafungua kiungo, wakayaacha mabehewa kumi ya nyuma yameshikwa na breki ya mkono na mawe chini ya magurudumu, ili kichwa kivute ya mbele kwanza. Breki za treni ile zilikuwa za aina inayofanya kazi ikiwa tu imeungana na kichwa. Kiungo kilipofunguliwa, mabehewa ya nyuma yakawa hayana breki hiyo tena. Kichwa kilipoanza kuondoka kilirudi nyuma kidogo tu, kikayagusa. Mawe yakasagika. Mabehewa yakashuka mlima mpaka yakakutana na treni iliyokuwa inafuata. Walikufa watu 80.

Dawa yake ilikuwa imeshagunduliwa. George Westinghouse alitengeneza breki ya hewa mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaigeuza akili yake juu chini: badala ya hewa kufunga breki, hewa iwe inazizuia zisifunge. Bomba linapita treni nzima. Kiungo kikikatika, bomba linakatika, hewa inatoka, na vipande vyote viwili vinajifunga vyenyewe. Hitilafu yenyewe ndiyo inayovuta breki. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha breki za namna hiyo kwa treni za abiria mwaka uleule wa 1889, baada ya mazishi.

Na sisi tunaye Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilipoteza breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Wanafunzi wangu wa Olbalbal walikuwa hawajazaliwa. Nilipotaja idadi, darasa lilinyamaza, na yule kijana akaiweka kokoto yake dirishani.

Hatukuweza kutengeneza breki ya hewa ya 1 kwa 87. Lakini kiungo tulikitengeneza. Vya treni yangu ni vya mfano wa kile cha Janney, kwa mtindo ambao mapacha Keith na Dale Edwards wa Oregon waliupa umaarufu kupitia kampuni yao ya Kadee: kidole kidogo chenye springi ndogo kuliko punje ya mtama. Springi ya behewa la nne ilikuwepo, tena nzima. Tatizo lilikuwa kimo. Kiungo chake kilikaa chini kuliko cha jirani kwa kama milimita moja, kwa hiyo vidole vilishikana kwa ncha tu, na reli ikipanda, kimoja kinateleza juu ya kingine. Tukaweka washa ya karatasi ngumu kati ya bogi na behewa. Likasimama sawa.

Kuna mtoto alileta treni yake mwenyewe siku hiyo: makopo matatu, magurudumu ya katambuga kuukuu, viungo vya waya alivyovikaza kwelikweli ili visifunguke. Ukilivuta kopo la kwanza, haliendi. Nikamwambia alegeze waya, kila kiungo kipate nafasi ya nusu kidole. Sasa kopo la kwanza linaanza, halafu la pili, halafu la tatu, kila moja kwa zamu yake, na mkono haulemewi. Madereva wa treni za mizigo wanautegemea ulegevu huo. Ukisimama stesheni ya Arusha treni inapoondoka utausikia, ule mlio wa kugongana unaotembea kutoka mbele mpaka nyuma. Reli ilifika pale mwaka 1929, treni za abiria zikaja kupotea kwa miaka 30 hivi, zikarudi Oktoba 2020. Kutoka Olbalbal ni karibu kilomita 200 kwa barabara, na kati ya watoto wale wote hakuna aliyekuwa amewahi kuusikia.

Siku ya tatu tuliwasha betri mapema. Mzee alikuwepo, amekaa kwenye dawati la mbele, anahesabu mizunguko kwa vidole. Behewa la tatu lilikaa. La nne halikufunguka hata kwenye mlima wa vitabu. Mzunguko wa 23 likaanguka behewa la pili, ambalo hatukuwa tumeligusa kabisa.

Yule msichana alikuwa ameshachukua kalipa.